Chumba cha Kizuka

Maskati, Jumatano, majira ya baridi, 1970

Mvua imekatika tangu alasiri, lakini majabali bado yanatiririsha maji, na upepo unaotoka baharini unapenya hadi ndani ya shali. Nimerudi kutoka Sidab, kijiji cha wavuvi, na viatu vilivyojaa matope. Nimeswali, nimekunywa kahawa ya moto, nimekaa. Moyo wangu umetulia kwa namna ambayo asubuhi sikuitarajia, na kabla utulivu huu haujaondoka nataka niuandike ulivyokuja.

Leo niliitwa kuhutubia. Si jambo geni kwangu. Nilisomesha Unguja kwa miaka mingi, na tangu niwasili hapa, panapokuwa na hadhara ya wanawake inayohitaji kuambiwa jambo, mimi ndiye ninayeombwa kusimama. Nilikuwa nimeitayarisha hotuba kwa uangalifu: utangulizi wa shukurani, sehemu ya katikati juu ya utaratibu na utii, na mwisho wa dua.

Sikuisoma hata sentensi moja.

Mwanzoni mwa wiki wadi iliteremka. Ni bonde kavu ambalo mwaka mzima watoto hucheza ndani yake, kisha mvua ya mlimani huligeuza mto kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha birika. Maji yalipita mtaa wa chini wa Sidab na kuzoa nyumba za makuti. Alhamdulillahi, hakufa mtu. Serikali, ambayo yenyewe bado ni mpya na haijazoea viti ilivyokalia, ikaunda kamati ya kushughulikia maafa, na nina haki ya kusema kwamba kamati ile ina nia safi. Mwenyekiti wetu, Sheikh Hamdan, ni mtu wa ofisi ya liwali. Hajapata kuvuka bahari, na tangu maji yaje sijamwona akila akiwa amekaa. Kila baada ya alasiri hutukusanya na kutuuliza mmoja mmoja: umefanya nini, umekwama wapi, nani akusaidie. Ni njia nzuri ya kazi. Hakuna anayejificha nyuma ya mwenzake.

Mmoja alipewa maji ya kunywa. Mmoja akapewa hema zilizotoka Sib. Mmoja akapewa barabara, na askari akawekwa juu ya jabali na kitambaa chekundu, akipeperushe akiona maji yameanza kuja tena. Mimi, mwanamke pekee katika kamati, nikapewa wanawake.

Nilipewa wanawake kama mwenzangu alivyopewa unga.

Tulikubaliana kwamba mtaa wa chini wote uhamishwe kabla mvua ya pili haijafika. Wanaume walale hemani, wanawake na watoto wawekwe katika bohari la serikali, juu kwenye mwinuko. Suleiman, binamu yangu, ambaye ndiye dereva wetu wa Landirova, alitumwa na kipaza sauti kuwaita wanawake watoke. Alipita vichochoroni akinadi kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya Ng'ambo ya Unguja, na kila alipopita milango ilifungwa kwa komeo. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwanamke wa Sidab hatoki nje kwa kuitwa na sauti ya mwanamume asiyemjua, hata maji yawe kizingitini. Alirudi amechoka.

"Dada," aliniambia, "nimehamisha mbuzi wote. Binadamu, sikupata hata mmoja."

Basi nikaenda mwenyewe, mlango kwa mlango, na kufikia jana wanawake wote walikuwa wamekwisha panda bohari.

Isipokuwa nyumba moja.

Nyumba hiyo ni ya mawe, imesimama peke yake pale wadi inapokutana na ufukwe, na maji ya kwanza yalikwisha ula ukuta wake wa nyuma. Anayekaa humo ni Bi Zuwena. Ni Mzanzibari kama mimi, lakini yeye alikuja zamani, kabla ya mambo ya Unguja, ameolewa na mvuvi wa hapa aitwaye Khalfan. Khalfan amefariki karibuni. Bi Zuwena ni kizuka, anakaa eda ya mumewe, haonekani na wanaume wala hatoki. Pamoja naye yumo Asila, mke wa mwanawe. Mwana yuko Kuwait kikazi, na Asila ana mimba iliyokwisha shuka, ya leo au kesho. Tulimsihi apande bohari. Alijibu kwamba hamwachi mama wa mumewe peke yake. Kwa hiyo kizuka asipoondoka, mjamzito haondoki, na mtoto wa tumboni naye yumo katika hesabu.

Asubuhi ya leo mawingu yalikuwa meusi juu ya majabali. Sheikh Hamdan alinionyesha jibu la Kadhi: dharura humruhusu mwenye eda kuhama, na wala eda yake haivunjiki. Alilileta kwa furaha ya mtu aliyepata ufunguo.

"Ukishamwambia, atatoka," alisema. "Asipotoka, Mwalimu, nitalazimika kuwatuma watu wambebe. Sitaki kumzika mtu kwa sababu ya adabu yangu."

Sikumlaumu. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya huruma. Nilimwomba anipe mpaka adhuhuri. Akatazama juu kwenye jabali, akatazama chini, akakubali.

Bi Zuwena alinipokea nyuma ya pazia la chumba cha mbele. Nilikuwa nimepanga nimsomee hukumu ya Kadhi kwa upole na heshima. Hakunipa nafasi.

"Ruhusa nnaijua, mwanangu," alisema. "Marehemu babaangu alikuwa akisomesha fiqhi, mimi nkimshikia taa. Hilo silo nnalolingoja. Mnanipeleka wapi?"

Nikamwambia: bohari. Pana paa zuri, pana chakula, wanawake wote wapo.

"Na nani anapita hapo?"

Nikataka kusema hakuna. Lakini wachukuzi wa unga wanapita. Watu wa maji wanapita. Suleiman anapita kila saa.

"Nnauliza tu," alisema. "Nkakae kati ya magunia, kila mpita njia anitupie jicho? Basi nitieni na bei kabisa."

Asila alicheka, kisha akashika kiuno. Nami nilicheka, halafu nikanyamaza, maana lile jicho la mpita njia nalijua.

Sijapata kuliandika hili. Mwaka 1964, mume wangu alitoka nyumbani asubuhi moja na hakurudi, na baada ya siku za kuuliza nikaletewa khabari kwamba nisiulize tena. Sikupata kaburi. Sikupata chumba. Eda yangu niliianza sitahani, juu ya meli, katikati ya mizigo na watoto waliotapika, nikitazamwa na mabaharia. Kisha nikaimaliza katika nyumba za watu, nikihamishwa kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, kila mahali nikiwa njiani mwa mtu. Watu walinihurumia. Walinilisha. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama ningependa mlango.

Kwa hiyo niliposikia swali lake sikuweza tena kuwa mjumbe wa kamati. "Bi Zuwena," nikamwuliza, "ungekuwa wewe ndiye serikali, ungejipeleka wapi?"

Maji yalisikika yakidondoka ukuta wa nyuma.

"Kizuka hukaa nyumba ya mumewe," alisema. "Hii ikienda, basi ya nduguye mumewe. Lakini hiyo haina mlango wangu."

Khalfan ana kaka mkubwa, Salim, na nyumba ya Salim iko juu, hatua chache kupita bohari, kavu kabisa. Asila ndiye aliyenieleza mengine, akinong'ona huku akinisindikiza ukumbini. Ujanani Khalfan alikuwa amechumbiwa ndugu wa kike wa mke wa Salim. Akaenda Unguja msimu mmoja, akarudi na Bi Zuwena. Tangu hapo mke wa Salim, Bi Shekha, hakupata kuingia nyumba hii. Wakati wa maziko alituma sahani za wali, mwenyewe akabaki kwake.

Na Bi Shekha ninamjua. Tangu mafuriko ndiye anayetupikia pale bohari. Kamati nzima inakula mkononi mwake. Siku zote hizi tumekuwa tukitafuta pa kumweka kizuka, na mwenye mahali alikuwa anatupakulia mchuzi.

Nilipanda mlima mbio, kadiri ya umri wangu. Wanawake walikuwa wamekwisha kusanyika uani mwa bohari, wameketi juu ya mikeka, wakingoja hotuba. Sheikh Hamdan alikuwa nje ya ukuta, akisikiliza kwa mbali kama inavyostahili. Nikasimama. Nikaitazama karatasi yangu, yenye utaratibu na utii ndani yake, nikaikunja.

Nikasema kwa Kiarabu, na hapa nayageuza maneno yangu na yao kwa Kiswahili:

"Mabibi zangu waheshimiwa. Nilikuja kuwashukuru na kuwaagiza. Shukurani pokeeni. Agizo sina. Nina ombi. Chini kule yuko mwanamke katika eda, na mjamzito asiyetaka kumwacha. Serikali imeleta unga, maji na hema. Hivyo ndivyo serikali inavyoweza kuleta. Chumba chenye mlango, ambamo hapiti mwanamume, serikali haina. Mnacho ninyi. Naomba kimoja."

Wote walikuwa wanatazama upande mmoja, kwenye masufuria.

Bi Shekha aliendelea kukoroga.

"Chumba kipo," alisema bila kugeuka. "Hajaniomba."

"Kizuka ataomba vipi?" alidakia bibi mmoja mzee aliyekuwa ameketi mbele. "Atoke apige hodi na eda yake? Shekha, we mwenyewe ungeomba?"

"Nisingeomba."

"Haya, basi."

"Nisingeomba," alirudia Bi Shekha, safari hii polepole, na upawa ukasimama. Sijui alikuwa anamwona nani mbele yake, nduguye au Khalfan au yeye mwenyewe siku moja nyuma ya pazia. Akaupangusa upawa, akauweka juu ya kifuniko. "Lakini Salim yuko nyumbani. Atapita."

"Atalala wapi huyo!" wakacheka.

"Hemani," alisema Bi Shekha. "Si mmeleta hema nyingi, Bi Mwalimu? Mpeni moja. Anakoroma, mwekeni mwisho kabisa." Kisha akajifunga ushungi vizuri. "Na nna sharti moja. Asije akanitilia nazi kwenye masufuria yangu."

Nilitoka nje kumweleza Sheikh Hamdan. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Atapitaje njiani?" Maana kati ya nyumba ile na ya Salim pana askari, wavuvi, wachukuzi, na watu waliokuja kutazama maji. Nikamjibu kwamba njia tutaitengeneza sisi wenyewe, yeye atusaidie kuyazuia macho ya wanaume.

Nitakayoyaandika sasa sitaki niyapambe.

Wanawake waliteremka na mashuka ya vitanda vyao, yale yale waliyoyaokoa mafurikoni, mengine bado yana alama ya matope. Tulipofika mlangoni tukayashika pembe kwa pembe, juu kuliko vichwa vyetu, tukafanya chumba kisichokuwa na paa. Bi Zuwena akatoka pazia lake akaingia letu. Asila akaingia nyuma yake, ameegemea bega la Bi Shekha, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuka kizingiti. Sikusikia waliambiana nini. Nilimwona tu Bi Shekha akiangaza macho mara moja ndani ya nyumba ile aliyoikataa miaka yote, kisha akainama akachukua viatu vya mwenzake.

Tukapanda. Upepo ulikuwa unayavuta mashuka, na kila pembe ilipotaka kuponyoka palikuwa na mkono wa kuishika. Sheikh Hamdan alikuwa ametangulia kusema neno lake. Kote njiani wanaume walikuwa wamegeukia ukuta. Wavuvi, askari, wachukuzi wenye magunia mabegani, wote wamesimama na migongo yao kwetu. Suleiman alikuwa amegeukia Landirova, paji la uso limegusa mlango, kama aliyetiwa adabu na mwalimu wake. Na Sheikh Hamdan mwenyewe, joho lake limelowa, alikuwa amegeukia jabali.

Kwa hiyo yeye ndiye aliyekiona kitambaa chekundu.

"Wadi!" alipaza sauti, bila kugeuka. "Pandeni! Wadi!"

Hatukukimbia. Asila hakuweza kukimbia, na chumba chetu kilitembea kwa mwendo wake. Tulikuwa juu ya mwinuko tuliposikia sauti chini, ngurumo nzito ya mawe yakisukumana. Hakuna aliyeachia shuka ili atazame. Tuliambiwa baadaye na wanaume. Ukuta wa mbele ndio uliobaki, na mlango wake umesimama, hauna nyumba nyuma yake.

Bi Zuwena aliuliza mara moja tu, akiwa amekwisha keti katika chumba kikavu cha Bi Shekha.

"Imekwenda?"

"Imekwenda," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akalia kidogo, bila sauti, kisha akajifuta. Nikamwambia lile sharti la nazi.

"Nazi?" akasema. "Sidab nazi zitoke wapi! Tangu nije huku nnazila ndotoni." Na chozi likiwa bado shavuni, alicheka, na ng'ambo ya mlango Bi Shekha, asiyejua Kiswahili, alibisha kuuliza tunacheka nini. Asila, ambaye Kiswahili amekiokota kwa mama mkwewe, akamtafsiria, na nikasikia kicheko cha tatu.

Nilisimama niondoke. Kamati ilikuwa inaningoja. Bi Zuwena akaniuliza swali la kawaida kabisa ambalo mtu wa kwetu humwuliza mtu wa kwetu: mume wangu yuko wapi. Sijui kwa nini sikumjibu kama ninavyowajibu wengine. Nikamwambia kuhusu asubuhi ile ya 1964, na sitaha, na kumbi za watu. Nikamwambia kwamba sikupata mlango.

Hakusema pole. Alisogea kwenye mkeka, akapigapiga pale palipobaki wazi.

"Basi kaa," alisema. "Huu umefungwa."

Nikakaa.

Mle ndani hakuna aliyepita.

Kamati ilipokutana nilichelewa, na hakuna aliyenigombeza. Zamu yangu ilipofika Sheikh Hamdan aliniuliza kama kawaida: umefanya nini, umekwama wapi, nani akusaidie. Nikasema kwamba wanawake wote wako salama. Kisha nikaongeza jambo, na nimelisema mbele ya watu ili nisije nikalirudisha nyuma. Maji yakija tena, kabla hatujaomba hema hata moja, tuulize kwanza nani anakaa eda, nani amejifungua, nani hazungumzi na nani, na mlango wa nani uko juu. Yule wa hema akasema kwamba hayo ni mambo ya majumbani, si ya serikali. Mwenyekiti akamjibu kwa utulivu kwamba Salim amekwisha pewa hema ya mwisho kabisa, na anakoroma kweli.

Utungu wa Asila umeanza magharibi. Mkunga yuko naye, na Bi Shekha hajaondoka kando yake. Mpaka naandika haya khabari bado haijanifikia. Naomba heri.

Asubuhi nina wasichana wa kusomesha. Hotuba ile niliyoikunja imo bado mfukoni mwa buibui, imelowa, na nadhani nitaiacha ikauke bila kuikunjua. Baada ya masomo nitapanda Sidab. Si kwa kazi ya kamati. Nitabisha kwa Bi Shekha, niingie, nifunge mlango nyuma yangu, nikae kidogo na kizuka mwenzangu. Sheria inasema kwamba eda yangu ilimalizika zamani. Nafsi yangu naona imeianza leo.